Jinsi Vallabh wa Jinja Alivyochagua Mashine ya Santuri

Njooni, enyi wenye masikio mawili, na nyinyi mliobakiwa na moja, sogeeni karibu. Zimeni redio, wekeni simu kifudifudi, mpeni mtoto kipande cha muwa anyamaze, kwa maana nataka kuwasimulia habari za vita ambavyo waandishi wa tarehe za mji wa Jinja, kwa uvivu wao, hawakuviandika popote. Sisimulii habari za wafalme. Wafalme wana watu wao wa kuwasifu. Nasimulia habari za Vallabh mwana wa Govind, aliyeuza misumari, bawaba na makufuli kwa miaka ishirini na sita, jemadari wa kimo kifupi na kitambi cha heshima, mwenye miwani ya aina mbili, ya kusomea na ya kuitafutia ile ya kusomea. Na jinsi alivyotoka, katika mwaka wa sabini na tano wa umri wake, na goti moja bovu, kwenda kuchagua mashine ya kuchezea santuri.

Msicheke mapema. Jambo dogo kwa jirani ni kubwa kwa mwenyewe, na hili lilikuwa na mzizi mrefu.

Mkewe, Malti, alikuwa na santuri moja. Ndani yake mlikuwa na sauti ya baba yake, mzee Jamnadas, aliyepanda treni mwaka wa sitini na nne kwenda Nairobi kuimba wimbo wa ibada mbele ya kinasa sauti. Mpiga vitasa wake, mtu wa kupenda usingizi, aliikosa treni ile, na mzee akaimba kwa ngoma na kinanda tu, bila vile vitasa, matoazi madogo ya shaba, vinavyogonganishwa kushika mapigo. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake, kila santuri ilipochezwa alikunja uso akasema, "Wimbo ni mzuri, lakini hauna vitasa." Familia zao zilipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzao, Malti aliibeba santuri ile ndani ya sari, akakaa nayo katika baridi ya ugenini, na walipoweza kurudi Jinja akarudi nayo nzima.

Na aliyeikwaruza ni Vallabh.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya kurudi. Kwa furaha ya kuiona nyumba yake tena, shujaa wetu aliitoa santuri bila kuomba ruhusa, akaiweka juu ya kijimashine cha kuazima, kijimashine juu ya kigoda kilichopungukiwa na mguu, kisha akacheza ngoma sebuleni. Sindano iliteleza. Ukabaki mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Malti hakulia wala hakupiga kelele. Aliifunga santuri katika sari, akaitia katika kabati la chuma, akaufunga ufunguo kiunoni, akasema, "Haitatoka humu mpaka uniletee mashine ninayoiamini." Ikapita miaka ishirini na minane, na Vallabh akaishi na ufunguo ule ukining'inia mbele ya macho yake kila Malti alipopita na chai.

Huenda ingepita mingine ishirini na minane, maana Vallabh alikuwa hodari wa kuahirisha. Lakini mwaka huu sikio la kushoto la Malti lilifunga duka. Daktari alisema la kulia nalo linafuata, polepole, na hakutaja siku. Kisha dengu zikaanza kuungua. Malti, ambaye maisha yake yote alipika kwa kuhesabu filimbi za sufuria ya mvuke, aliunguza dengu mara tatu katika wiki moja. Vallabh alizila zote na kuanza kuhesabu siku, kwa kuwa alijua ni nini kitakachofuata: ipo siku kabati litafunguliwa, na Malti hatasikia kilichomo.

Hapo ndipo alipotangaza vita. Kwa miezi mitano jemadari alisoma vitabu vya mashine kama wengine wanavyosoma maandiko. Akajifunza uzito wa sindano, urefu wa mkono unaoibeba, na tofauti ya sinia, yaani kile kisahani cha kulalia santuri, linalozungushwa na mkanda na sinia linalozungushwa na mota iliyo chini yake. Alinunua pima maji mpya, ingawa aliwahi kuuza mia nne. Marafiki zake wa hekaluni walimwambia, "Vallabhbhai, ndugu yetu, mchagua nazi hupata koroma." Yeye akawajibu kwamba nazi ni nazi, lakini huyu ni baba mkwe.

Bingwa wa kwanza aliishi Jinja hapo hapo, katika duka la Parag, mpwa wa Malti, mtu wa miaka arobaini aliyeuza vyombo vya muziki kwa watu wenye sebule kubwa. Ilikuwa mashine nyeupe, sinia lake la kioo kinene, mkono wake mwembamba kama wa bibi harusi, na mota yake imesimama kando peke yake kana kwamba hawajuani. Uzi mwembamba wa mpira ndio uliowaunganisha. Vallabh aliipenda kama mtu anavyompenda mkwe aliyesoma. Usiku na mchana aliwaza jinsi wageni watakavyokaa mbele yake na kusema "Aa!"

Parag alikubali kuipeleka nyumbani wakaijaribu siku tatu. Aliingia nayo amevaa glavu nyeupe, akaiweka mezani, akasawazisha miguu yake kwa pima maji ya Vallabh, akarudi nyuma hatua mbili, akanena:

"Anko, mbele yako pana chombo kisichotetemeka wala kunung'unika. Kioo hiki hakijui vumbi. Mkono huu huishusha sindano kwa uzito wa gramu moja na robo tatu, na ukizidisha, mimi si wako tena. Kuna watu Kampala wanakiota chombo hiki. Wewe umeamka, kiko kwako."

Parag akiwa bado kwenye fahari ya maneno yake, Malti akatokea jikoni na sinia la shaba: taa ya samli, unga mwekundu wa kunkum, kikonzi cha mchele, na nazi. Kwa maana katika nyumba ile hakuna kitu chenye mota kilichowahi kuanza kazi bila kubarikiwa. Gari lilibarikiwa, pampu ya maji ilibarikiwa, pasi ilibarikiwa, na kila kimoja kina alama nyekundu iliyokauka kwenye paji lake la uso.

"Anti, hapana!" Parag akapiga ukelele, akaikinga mashine kwa mikono miwili. "Unga hapana, mchele hapana! Hii siyo friji!"

"Friji ile," akajibu Malti, "ina miaka kumi na tisa na haijaugua hata siku moja."

Majeshi mawili yakakabiliana, na Vallabh katikati. Upande huu glavu nyeupe, upande ule sinia la shaba. Na hapo shujaa wetu akatenda kosa ambalo hulitenda mtu anayempenda mke na anayeipenda mashine kwa siku moja: alitafuta mapatano. "Punje moja," akasema kwa sauti ya mfalme anayegawa nchi. "Kunkum isiguse. Lakini punje moja ya mchele, moja tu, ili isisemwe kwamba mashine ilianza kazi mikono mitupu."

Parag akafumba macho. Vallabh akaidondosha punje juu ya kioo. Punje ikasimama, ikafikiri, ikabingirika hadi ukingoni, ikatumbukia chini ya sinia. Mashine ilipowashwa ikasema krr, krr, krr, na ule mkanda wa mpira ukachomoka ukalala sakafuni kama utepe wa nywele wa mtoto. Ilichukua nusu saa na kikoleo cha nyusi cha Malti kuitoa punje ile. Mashine ikafufuka, wakaweka santuri ya nyimbo za harusi, na sauti ikatoka safi kabisa, sikatai. Lakini nyumba yao ni ya zamani, sakafu yake ni ya mbao, na Malti alipokuwa akirudisha sinia jikoni, alipokanyaga ubao wa tatu sindano iliruka. Alipokanyaga wa nne iliruka tena.

Malti alisimama mlangoni, mkono kwenye ufunguo. "Baba Jay," akasema, maana humwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "mashine inayouawa na punje ya mchele, na ikifufuka inaniogopa nikipita nyumbani mwangu, hiyo haiwezi kumbeba baba yangu."

Hukumu ikawa imetoka. Parag aliifunga mashine yake katika blanketi, na hapa lazima nimsifu, kwa kuwa adui mwungwana ni nusu ya rafiki. Akiwa langoni alimvuta Vallabh kando. "Anko, kuna fundi Mbale, chini ya mlima Wanale, anaitwa Mafabi. Silitaji jina lake ovyo. Wateja wangu wakimjua, nitauza mihogo. Nenda."

Asubuhi Vallabh akaliondoa gari lake, na nazi katika buti. Akapita Iganga, akashika barabara ya Tirinyi, na alipofika kwenye mabwawa ya Mpologoma akaona mashamba ya mpunga yamemzunguka kulia na kushoto, kijani hadi upeo wa macho. Punje moja ilikuwa imemshinda. Hapa palikuwa na mamilioni, yamesimama wima kwa mistari. Alifunga kioo cha dirisha, akakanyaga mafuta.

Mafabi alimpokea katika karakana yake, mlima Wanale nyuma ya paa na uzi mweupe wa maporomoko ya maji ukining'inia. Alikuwa mtu mkubwa wa miaka kama sitini, ambaye misikiti na makanisa humgombania spika zinapokorofisha karibu na sikukuu, naye hutengeneza za wote kwa zamu bila kuuliza nani ataingia peponi.

"Mulembe, muzee," akamsalimia kwa Kigisu. "Parag alinipigia. Alisema unakuja na nazi."

"Mulembe. Nazi iko kwa gari."

"Wacha ikae kwanza. Niambie hiyo rekodi."

Wala hakusema "nikuonyeshe mashine." Kwa hiyo Vallabh akakaa kwenye kasha la spika na akaeleza yote: treni, Nairobi, sari, kigoda, na ngoma aliyoicheza. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane kumwambia mtu kwamba ni yeye aliyeikwaruza. Mafabi alisikiliza mpaka mwisho akikuna ndevu.

"Sakafu yenu iko ya nini?"

"Mbao."

"Ndiyo maana. Na mama, anasikia na sikio gani?"

"Ya kulia."

"Basi wewe ziba ya kushoto." Mafabi akafunua turubai. "Muzee, sikiliza mimi. Kama unanunulia wageni, sikia na zote mbili. Kama unanunulia mama, ziba moja."

Chini ya turubai palikuwa na bingwa wa pili: mashine nyeusi ya Kijapani, iliyotumika zamani katika kituo cha redio kilichokwisha kufungwa, mota yake imejificha chini ya sinia zito la chuma, nayo imeketi ndani ya gogo la mvule alilolichonga Mafabi mwenyewe kutoka kwenye boriti kuukuu ya kiwanda cha pamba. Haikuwa nzuri. Ilikuwa na sura ya mtu aliyefanya kazi. Mafabi akaweka santuri, akashusha sindano, na Vallabh akatia kidole katika sikio la kushoto.

Nusu ya dunia ikazimika. Upande ule palikuwa kama ukuta. Muziki ulibaki kulia tu, na bila kukusudia Vallabh akageuza kichwa, akakielekeza kidevu chake dirishani ili sikio zima liifikie sauti. Akagutuka. Hivyo ndivyo Malti alivyokuwa akigeuza kichwa mezani miezi yote hii, na yeye alidhani anamnunia. Shujaa wa bawaba na makufuli akalia kidogo pale kwenye kasha la spika, na sioni sababu ya kuficha jambo hilo. Mashine ya Parag alikuwa ameisikiliza kama mwenye sebule. Hapa alisikiliza kama mume, na sauti ile ilimfikia imara, nene, karibu, hata kwa sikio moja.

Mafabi akapiga meza ngumi, vikombe vikaruka. Sindano haikutikisika.

"Na mchele?" Vallabh akauliza, akipangusa macho. "Bibi yangu iko na mchele. Na kunkum. Lazima."

"Mchele?" Mafabi akalisimamisha sinia, akalinyanyua kwa mikono miwili, akaonyesha chini yake. "Ikiingia, unatoa sinia, unapangusa, unarudisha. Hata unga ya posho ikiingia. Kunkum paka kwa mbao, hapa mbele; mvule haiogopi rangi. Sindano tu ndiyo unafunika." Kisha akacheka, akaonyesha doa kavu kwenye kizingiti chake. "Hata mimi, mashine ikipona, namwaga pombe kidogo hapo mulangoni kwa wazee waliokufa. Mashine haina wazee yake, muzee. Lazima mutu amupe wake."

Vallabh aliwaza mara ya mwisho juu ya ile nyeupe, na wageni, na "Aa!" zao. Kisha akasimama, akavuta shati lake juu ya kitambi, akanena maneno ambayo yangestahili kuchongwa kwenye jiwe la Wanale: "Bwana Mafabi, funga hii. Hii ndiyo itabeba baba."

Kurudi, alishika barabara ya Tororo, kwa kuwa alikuwa ameyahesabu matuta ya ile nyingine. Mashine ilikaa kiti cha mbele, juu ya godoro la mtoto, imefungwa mkanda wa usalama. Alikwenda mwendo wa bwana harusi. Malori yalimpigia honi, pikipiki iliyobeba kuku na kabati la vyombo ikampita, na hapo Busiu, wauza ndizi, walipoliona gari linavyotambaa, walidhani limekufa, wakaja mbio kulisukuma. "Hapana, hapana!" Vallabh akawapungia mkono. "Msiguse! Iko mgonjwa ndani!" Wakarudi nyuma kwa heshima, mmoja wao akavua kofia.

Alifika Jinja alasiri. Malti alifuta mikono kwenye sari. Aliikagua mashine kama anavyokagua sufuria sokoni, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Vallabh akaweka ile santuri ya nyimbo za harusi. Malti akapita juu ya ubao wa tatu. Akapita juu ya ubao wa nne. Kisha akarudi, akainua sari yake kidogo, na akiwa mama wa miaka sabini na miwili akakanyaga ubao wa nne kwa kishindo kilichotingisha picha ukutani. Nyimbo za harusi ziliendelea kana kwamba hakuna aliyeingia.

Malti akafungua ufunguo kiunoni.

Ibada ilifanywa kama inavyotakiwa. Kunkum ikapakwa kwenye mvule kwa kidole cha pete, mchele ukarushwa kwa ukarimu, na Vallabh, sindano ikiwa imefunikwa kwa kikombe cha chai, akalitoa sinia, akapangusa, akarudisha, kama alivyofundishwa. Nazi ikapasuliwa kwenye ngazi ya mlango. Haikuwa koroma, nyama yake ilikuwa nene na nyeupe. Kisha Malti akaikunjua sari. Vallabh akaweka mikono yake nyuma, mmoja ukishika mwingine, asije akagusa. Malti mwenyewe ndiye aliyeishusha sindano.

Ngoma ikaanza, kinanda kikafuata, na mzee Jamnadas akaingia sebuleni. Sauti yake ilikuwa na pumzi, ilikuwa na kikohozi kidogo kabla ya ubeti, ilikuwa na mtu ndani yake. Malti aligeuza kichwa, akalielekeza sikio lake la kulia, na macho yake yakajaa.

Kisha ikasikika: tak.

Na mzunguko uliofuata: tak. Na uliofuata: tak. Kwa maana mashine bora, enyi wasikilizaji, haichagui cha kuchukua. Kadiri ilivyomleta mzee kwa uzuri, ndivyo ilivyouleta na mkwaruzo, wazi, mkavu, kila mzunguko, kuliko ulivyowahi kusikika duniani. Miezi mitano alikuwa ametafuta chombo kilicho bora kuliko vyote cha kumsikilizishia mkewe kosa lake. Vallabh aliinamisha kichwa. Alitaka sakafu ifunguke ubao wa tatu na wa nne, imshushe.

Malti akainua kidole. Akakaa akisikiliza, kichwa kimeinama, midomo ikihesabu kama alivyokuwa akihesabu filimbi. Tak. Tak. Tak. Na ghafla akaanza kucheka, kicheko cha msichana, mpaka akashika kiti.

"Baba Jay," akasema, "sikiliza. Vitasa!"

Vallabh akainua uso, asielewe.

"Mpiga vitasa amefika. Ameikosa treni, amechelewa miaka sitini, na wala si hodari sana. Lakini amefika." Akampiga goti lake zima kwa kiganja, tak, pamoja na santuri. "Haya, piga. Baba amengoja sana."

Na hivyo, katika mji wa Jinja, alasiri ya siku ya Jumatano, Vallabh mwana wa Govind, mshindi wa punje, mtembezaji wa gari polepole kuliko wote waliowahi kupita Busiu, aliketi kando ya mkewe, upande wake wa kulia, akapiga vitasa vya baba mkwe wake kwenye goti lake bovu, mara nyingine nje ya mapigo, mpaka wimbo ukaisha wakaurudia tangu mwanzo. Andikeni basi katika tarehe za mji, na kama karatasi hamna andikeni ukutani: kabati la chuma liko wazi hadi leo, na ufunguo umesahauliwa jikoni, karibu na dengu.